Mlazo wa jina la kitabu ulizaliwa kwenye ugomvi

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukifika, kwenye steshenari za Mpanda mjini husikika ubishi ule ule: jina la kitabu lilazwe, lipigiwe mstari, au litiwe ndani ya alama za kunukuu? Mwanafunzi karudishiwa kazi na msimamizi. Mtaipu anajitetea kwamba alitaipu alichopewa.

Herufi za mlazo zilianzia Venice. Mwaka 1501 mchapaji Aldus Manutius alitoa tungo za Virgil katika kitabu kidogo cha kushika mkononi, chote kwa herufi zilizolala, isipokuwa herufi kubwa zilizobaki wima. Aliyezichonga ni fundi Francesco Griffo wa Bologna, na malipo yake ya sifa kitabuni yalikuwa shairi la mistari mitatu. Novemba 1502 Seneti ya Venice ikampa Aldus haki ya kuzitumia peke yake. Fundi hakupewa kitu.

Griffo akahama. Mwaka 1503 mjini Fano, mchapaji Gershom Soncino akatoa mashairi ya Petrarch kwa herufi mpya za Griffo, na katika utangulizi wa kumtunukia mtawala Cesare Borgia akasema wazi: herufi zile ni kazi ya Francesco, Aldus kajivika sifa ya mwenzake. Soncino alikuwa mshindani kibiashara, kwa hiyo naye alikuwa na lake. Hata hivyo, katika kesi hii mimi niko upande wa fundi. Baadaye Griffo alishtakiwa huko Bologna kwa kumuua mkwewe kwa kipande cha chuma, kisha habari zake zikapotea.

Yaliyofuata ni mafupi. Mlazo ukawa alama ya jina la kitabu. Taipureta zisizoweza kulaza herufi zikaleta mstari wa chini. Na mwaka 2009 mwongozo wa uandishi wa MLA, chama cha wasomi wa lugha cha Marekani, ukauacha mstari huo. Kwa mtindo wa MLA, kitabu na jarida hulazwa, makala na sura hutiwa ndani ya alama za kunukuu.

Katavi, mkoa ulipo mji wa Mpanda, nayo imo katika marejeo ya dunia. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo, wakati huo wilaya ya Mpanda, miongoni mwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Kitabu chake, *Purity and Exile*, kilichapishwa Chicago mwaka 1995 na kinanukuliwa hadi leo. Jaladani imetajwa Tanzania, Mishamo haimo.

Sasa Chuo Kikuu cha Sokoine kina Kampasi ya Mizengo Pinda huku huku Katavi. Wasimamizi, kabla ya kukata alama kwa mlazo uliosahaulika, mwelezeni mwanafunzi mlazo huo ulitoka wapi. Nanyi wanafunzi mnaoandika kuhusu Mishamo, Katumba au Mpimbwe, yatajeni maeneo hayo kwenye jina la kazi yenyewe.