Dawa Isiyo na Kipimo: Mwenye Kiti cha Umma na Sayansi Bandia

Januari 2021 lilifunguliwa Liwatoni daraja la kuelea la wapita kwa miguu, kuunganisha kisiwa cha Mombasa na Ras Bofu, upande wa Likoni. Lilijengwa kwa takriban shilingi bilioni 1.9 ili kupunguza msongamano wa feri wakati wa korona. Msongamano wenyewe tuliuona ulivyo Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, polisi walipowarushia vitoa machozi na kuwatandika virungu watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni kabla ya saa moja usiku. Watu walioambiwa wasikaribiane walilazwa chini bega kwa bega. Wapo wanaolalamikia gharama ya daraja lile, na wana haki yao. Lakini daraja ni dai linalopimika: ukilikanyaga, ama linakubeba ama unalowa.

Kati ya virungu vya Likoni na daraja la Liwatoni ikaja chupa. Aprili 2020 Mike Sonko, wakati huo gavana wa Nairobi, alitangaza kwamba vifurushi vya chakula alivyokuwa akiwagawia maskini vitatiwa na chupa ndogo za pombe ya Hennessy. Aliiita kitakasa koo, akadai utafiti wa Shirika la Afya Duniani umeonyesha kuwa pombe huua virusi vya korona. Shirika lilikuwa limesema kinyume chake: kitakasa chenye alkoholi ni cha kusugulia mikono, na kuinywa pombe hakumkingi mtu na ugonjwa huo. Kampuni ya Hennessy yenyewe ilibidi itoe taarifa kwamba kinywaji chake hakina kinga hiyo. Muuza pombe kumkanya mwanasiasa asimsifie bidhaa yake ni jambo la nadra. Hapa Mombasa, mji wa misikiti, habari ile ilitupa kicheko kwa siku mbili tatu, kisha ikapita.

Nadhani tulicheka mapema mno. Tazama alichofanya gavana. Alichukua neno la kweli, kwamba alkoholi huua virusi juu ya ngozi, akalihamisha hadi kooni ambako si kweli tena, kisha akalipigia muhuri wa ofisi. Hoja ya makala haya iko kwenye muhuri huo. Jirani yangu akiamini kwamba konyagi ni kinga, kosa ni lake na ini ni lake. Gavana akisema hivyo huku akigawa unga, anayepokea hajapewa nafasi ya kuchagua baina ya maoni mawili; amepewa maagizo ya serikali pamoja na chakula cha watoto.

Lugha nayo humsaidia mwanasiasa. Kiswahili kimeliachia neno dawa uwanja mpana: dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mapenzi, na mtoto mtukutu huambiwa dawa yake ni bakora. Nyumbani upana huo haudhuru. Hospitalini neno hubanwa: dawa ya nini, kwa mgonjwa yupi, kwa kipimo gani, na imelinganishwa na nini? Mwanasiasa hulidaka neno kabla halijabanwa, akalipandisha jukwaani likiwa bado na maana zake zote.

Kenya ilikwisha kuyaona haya. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi aliutangazia ulimwengu Kemron, dawa ya UKIMWI iliyotokana na utafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, KEMRI. Ilikuwa alfa-interferoni kwa kiasi kidogo sana, ya kumumunywa. Wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Interferoni ni protini ambayo mwili hutumia kupambana na virusi, na wanasayansi walikuwa na haki ya kuijaribu. Kosa lilikuwa la mfuatano. Tangazo lilitangulia, majaribio yakafuata. Shirika la Afya Duniani lilipoifanyia uchunguzi halikupata nafuu iliyodaiwa, na jaribio lililofanywa Uganda, ambapo baadhi ya wagonjwa walipewa dawa na wengine kidonge kitupu bila wao wala daktari kujua nani kapewa kipi, halikuona tofauti ya maana. Wakati huo Kemron ilikuwa imeshakuwa fahari ya taifa, na anayehoji fahari ya taifa haulizwi data zake, huulizwa uzalendo wake. Sayansi inapofika hapo, hata mtafiti mwaminifu wa KEMRI hana tena njia ya kusema "tulikosea" bila kumwaibisha rais.

Kisa cha Tanzania kinafundisha zaidi, kwa kuwa mwenye kiti alikuwa mwanasayansi. Rais John Magufuli alikuwa na shahada ya uzamivu katika kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mei 2020, akiwa kwao Chato, alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa kwenye maabara ya taifa kwa majina ya watu, na kwamba baadhi zilirudi zikionyesha korona. Wengi wamekibeza kisa hiki. Mimi nakiona kuwa ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu mwanzo wake ni halali kabisa. Kuipelekea maabara sampuli za mtego ni desturi ya kawaida ya kukagua ubora wa vipimo. Lakini anayetega hivyo kwa nia ya kujua hueleza sampuli zilichukuliwaje na nani, huzirudia, humpa mkaguzi wa nje azirudie, na huweka matokeo hadharani pamoja na yale yasiyomfurahisha. Hapa mkuu wa maabara alisimamishwa kazi, na takwimu za taifa, zilizokuwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei, hazikutolewa tena katika uhai wake. Swali zuri liliulizwa ili lisijibiwe. Waziri akatumwa Madagascar kuleta kinywaji cha mitishamba ambacho Rais Andry Rajoelina alikuwa amekizindua Aprili, na wananchi wakahimizwa kujifukiza. Januari 2021 Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Alifariki Machi mwaka huo, na Julai mrithi wake, Samia Suluhu Hassan, alichanjwa mbele ya kamera.

Kuna msomaji atakayeona kwamba ninawapiga vita waganga. Sivyo. Mganga wa Mji wa Kale hapa Mombasa anajulikana mlango wake, babake na wateja waliomshinda. Dawa yake isipofaa, mgonjwa huhamia kwingine na habari huenea barazani kabla ya magharibi. Maabara ina kipimo chake na mtaa una chake. Mwanasiasa anayetibu kwa kipaza sauti amevikwepa vyote viwili: hawezi kurudiwa na watafiti wala kuhamwa na wateja, na anapokosea, huchafua jina la mitishamba ambayo labda ingestahili kuchunguzwa kwa utulivu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wakati wa dharura kiongozi hawezi kungoja ushahidi ukamilike. Kweli. Aprili 2020 Kenya iliwalazimisha watu wavae barakoa, na Shirika la Afya Duniani halikuipendekeza kwa umma kwa upana hadi Juni. Serikali ilitangulia, na ilifanya vyema. Lakini barakoa ilitolewa kuwa tahadhari, haikuitwa tiba. Ilikuwa rahisi kuifuta ikibainika haifai. Na hakuna aliyeambiwa kwamba akiivaa aache kunawa mikono. Kutangulia ushahidi ni jambo moja, kujifanya unao ni jingine.

Kinachobaki ni uwajibikaji, na hapa mizani yetu imepinda. Machi 2020 raia walikamatwa kwa kusambaza habari za uongo kuhusu korona, chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018. Mei 6 Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa, watu wasiingie wala kutoka, na wakazi wake wakalaumiwa kwa kukwepa vipimo. Chupa ya gavana iliishia kwenye vichekesho. Mtu wa Mji wa Kale aliyesitasita kupimwa alikuwa anaishi katika nchi ambamo kiongozi angeweza kusema lolote kuhusu ugonjwa uleule bila kuulizwa ushahidi.

Sipendekezi kifungo, kifungo humfanya mwongo kuwa shujaa. Napendekeza kwamba kila dai la tiba au kinga linalotolewa na mwenye ofisi ya umma lihesabiwe kuwa habari ya serikali, na ofisi yake idaiwe ushahidi. Hatuhitaji sheria mpya. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu, na inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ombi la raia ni barua tu, tena yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48.