Foleni ya Kuku wa Buena Park

Knott's Berry Farm ni bustani ya burudani ya familia iliyoko Buena Park, kusini mwa California, Marekani. Bustani nyingi za aina yake zilichorwa kwanza mezani, zikajengwa kwa mkopo mkubwa, kisha zikafunguliwa siku moja kwa shamrashamra. Hii ilikua kidogo kidogo. Kilianza kibanda cha kuuza matunda kando ya barabara, kikafuata chumba cha chai, ukaja mgahawa wa kuku, na baadaye ukajengwa mji mzima ili watu waliokuwa wakisubiri meza wasichoke. Chakula kilitangulia, maonyesho yakafuata, na mashine za kupindua watu angani zilikuja mwisho.

Walter Knott alizaliwa mwaka 1889 mjini San Bernardino, California. Mkewe, Cordelia Hornaday, alizaliwa Illinois mwaka 1890, nao walioana mwaka 1911. Miaka yao ya mwanzo ilikuwa ya kuhangaika. Walijaribu kulima katika jangwa la Mojave, kwenye ardhi ambayo serikali iliigawa bure kwa mtu aliyekubali kuishi hapo na kuiendeleza, lakini jangwa halikuwapa mavuno. Walter akawa akitafuta vibarua huku na huku, na kwa muda alifanya kazi Calico, mji wa machimbo ya fedha uliokuwa umekwisha kuhamwa na watu wengi. Kutoka jangwani familia ilikwenda Shandon kulima kwa mkataba wa kugawana mazao na mwenye shamba, na huko ndiko ilikopata akiba yake ya kwanza. Mwaka 1920 Walter alishirikiana na binamu yake kukodi ekari 20 Buena Park, wakapanda beri.

Ardhi hiyo ilipakana na barabara iliyowapeleka wakazi wa Los Angeles ufukweni, na magari yalikuwa yakiongezeka kila mwaka. Beri huharibika upesi. Mkulima anayemtegemea dalali wa sokoni hupokea bei yoyote atakayotajiwa, ilhali aliye na kibanda barabarani hujipangia mwenyewe. Knott aliweka kibanda, akauza matunda, kisha akaongeza miche kwa ajili ya wakulima wengine. Mwaka 1928 alijenga jengo la kudumu lenye duka la matunda, sehemu ya kuuzia miche na chumba cha chai ambako Cordelia aliuza mikate midogo ya moto, jamu na pai. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka uliofuata, bei ya ardhi iliporomoka, lakini Knott, aliyekuwa amekwisha kuanza kulinunua shamba, aliendelea kulilipia kwa bei ya zamani aliyokubaliana na muuzaji.

Tunda lililoliletea shamba jina halikuvumbuliwa na Knott. Rudolph Boysen, aliyekuwa msimamizi wa bustani za umma katika mji jirani wa Anaheim, alikuwa amechanganya aina kadhaa za beri hadi akapata mche wenye matunda makubwa kupita kiasi. Hakufanikiwa kuufanya uwe zao la biashara, akauacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 George Darrow, mtaalamu wa matunda kutoka Wizara ya Kilimo ya Marekani, alifika California akifuatilia habari za beri hiyo. Alimwuliza Knott, na wote wawili wakamtafuta Boysen. Boysen aliwapeleka kwenye shamba la zamani, wakakuta miche michache dhaifu iliyosongwa na magugu. Knott aliihamishia kwake, akaitunza mpaka ikazaa. Tunda lilikuwa la rangi ya zambarau iliyoiva hadi kukaribia weusi, lenye maji mengi na uchachu kidogo. Knott aliliita boisenberi, kwa jina la aliyelizalisha, ingawa wakati huo lingeweza kuitwa jina lake mwenyewe na pengine pasitokee wa kulalamika.

Boisenberi ilivuta wateja, lakini msimu wa matunda ni mfupi, na bei za miaka ya mdororo zilikuwa za chini. Mwezi Juni 1934 Cordelia alikaanga kuku na kuandaa chakula cha jioni kwa wageni wanane, akawapakulia kwenye vyombo vya kaure alivyopewa siku ya harusi yake. Kila mmoja alilipa senti 65, akapata kuku, saladi, mboga, viazi vya kuponda na mchuzi mzito, mikate midogo ya moto na jamu, na pai ya beri ya kumalizia. Habari ilienea kwa mdomo. Watoto wanne wa familia wakawa wahudumu, na jikoni pakalazimika kupanuliwa, kisha pakapanuliwa tena. Kufikia mwaka 1940 mgahawa uliweza kutoa hadi sahani 4,000 katika Jumapili moja, na wateja walisimama kwenye foleni kwa saa nyingi.

Foleni hiyo ndiyo iliyoizaa bustani. Mfanyabiashara wa kawaida angeongeza meza na kuishia hapo. Knott aliongeza meza, lakini pia aliwatazama waliosimama nje. Aliwawekea bustani ya mawe yenye maporomoko madogo ya maji, kinu cha maji, masanduku ya muziki ya kizamani, nakala ya meko ya nyumbani kwa George Washington, na volkano ya kuchezea iliyotoa mvuke. Kipaza sauti kiliita majina ya waliofikiwa na zamu, kwa hiyo mtu aliweza kutoka kwenye mstari na kuzurura. Aliyezurura alipita madukani, na binti mkubwa, Virginia, alikuwa ameanza kuuza zawadi ndogo ndogo ambazo baada ya muda zikajaza duka zima.

Mwaka 1940 ukaanza ujenzi wa kitu kikubwa zaidi. Knott alikulia kwenye simulizi za bibi yake, aliyevuka jangwa kuingia California mwaka 1868 kwa mkokoteni wa turubai uliokokotwa na wanyama. Alitaka wateja wake waione safari ile. Paul von Klieben, msanii aliyekuja kuwa mbunifu mkuu wa shamba, alichora mandhari makubwa ya kuzunguka yaliyoonyesha misafara ya mikokoteni jangwani, na msimulizi aliyerekodiwa akaeleza kisa. Onyesho hilo lilihitaji jengo, na jengo lenyewe likafanywa hoteli ya mji wa kale, kwa mbao zilizotoka katika hoteli ya mwaka 1868 huko Prescott, Arizona. Hoteli haiwezi kusimama peke yake, basi zikafuata ofisi ya sherifu, karakana ya mhunzi, jela, baa na maduka. Baadhi ya majengo yalikuwa ya kweli, yaliyobomolewa katika miji iliyohamwa ya magharibi na kuunganishwa upya, likiwemo darasa la shule la mwaka 1879 kutoka Beloit, Kansas. Mji huo mahame uliitwa Ghost Town. Kuingia kulikuwa bure, kwani aliyekuwa akilipa ni kuku.

Jina nalo lilibadilika: Knott's Berry Place ikawa Knott's Berry Farm mwaka 1947. Miaka iliyofuata ilikuwa ya burudani zenye mwendo, ila mwendo wenyewe ulikuwa wa zama za mkokoteni. Mwaka 1949 yalianza magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Kampuni moja ya reli nyembamba ya milimani Colorado ilipofungwa, Knott alinunua vichwa vya treni vya mvuke vilivyoundwa mwaka 1881, mabehewa pamoja na vifaa vyake, na Januari 1952 treni ikaanza kuzunguka shamba. Abiria walipopata starehe, majambazi wenye bastola walipanda behewani na kuwatishia. Wizi huo wa kuigiza uliwafurahisha watoto kuliko safari yenyewe, na umeendelea hadi leo.

Mwaka 1954 ulifunguliwa ukumbi wa Bird Cage, ulioiga sura ya ukumbi wenye jina hilo mjini Tombstone, Arizona. Humo ilichezwa michezo mifupi ya mtindo wa karne ya 19: msichana mwema, stelingi shujaa na adui mwenye masharubu. Watazamaji hawakutakiwa kukaa kimya. Walimshangilia stelingi na kumzomea adui kila alipotokea, na mwigizaji aliyeshindwa kuzijibu kelele zao hakudumu. Steve Martin, aliyekuja kuwa mchekeshaji maarufu, alijifunzia kazi katika ukumbi huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukumbi wa namna hiyo, wenye maonyesho kadhaa kwa siku mbele ya watu waliojaa kuku na pai, ni chuo kigumu.

Mwezi Julai 1955 Disneyland ilifunguliwa Anaheim, umbali wa kilomita 11 hivi. Wengi walitarajia shamba la Knott lifilisike. Badala yake biashara iliongezeka, kwa sababu mtu aliyesafiri siku nzima kuja eneo hilo alipenda kuona vitu viwili kwa safari moja. Hata hivyo, ushindani ulibadili matarajio ya wageni, kwani mkokoteni na volkano ya mvuke havikutosha tena. Aliyelijaza pengo hilo ni Bud Hurlbut, fundi na mkandarasi aliyejenga mitambo kwa fedha zake ndani ya ardhi ya Knott na kugawana naye mapato. Mwaka 1960 alifungua safari ya machimbo ya Calico, treni ndogo inayoingia ndani ya mlima wa kutengenezwa na kupita kwenye mapango yaliyojaa sanamu za wachimbaji zinazojongea. Ustadi wake mkubwa haukuwa ndani ya mlima peke yake. Hurlbut aliipitisha foleni katika kona na ngazi za mlima, ili anayesubiri asione urefu wake na awe na cha kutazama kila hatua. Ilikuwa hila ileile ya volkano na meko, safari hii ikiwa imechorwa kwenye ramani ya ujenzi. Mwaka 1969 aliongeza safari ya magogo yanayoelea na kuporomoka majini, na mwigizaji John Wayne alihudhuria ufunguzi wake.

Historia iliyouzwa hapo ilikuwa ya upande mmoja. Walter Knott alikuwa mhafidhina, mtetezi mkali wa biashara huria, na Ghost Town kwake ilikuwa somo: hawa ndio waliojitegemea, wakajenga nchi. Waliokuwa wakiishi katika nchi hiyo kabla ya mikokoteni kufika walionekana zaidi kama pambo la mandhari, na vibarua wa Kichina na wa Kimeksiko waliotoa jasho machimboni na mashambani walipata nafasi finyu. Mwaka 1966 Knott alifungua nakala ya Independence Hall, jengo la Philadelphia ambamo tangazo la uhuru wa Marekani lilipitishwa, iliyojengwa kwa uangalifu kiasi kwamba hata matofali yaliigwa. Mwaka huohuo aliikabidhi Calico kwa serikali ya Kaunti ya San Bernardino, baada ya kuinunua mwaka 1951 na kuyakarabati majengo yake. Mapenzi yake kwa mambo ya kale yalikuwa ya dhati, na huenda ndiyo yaliyomfanya asione mapengo ya historia aliyoisimulia.

Mwaka 1968 shamba lilizungushiwa uzio na kiingilio kikaanza kutozwa, kwanza kwa senti 25. Kwa fedha lilikuwa jambo dogo, lakini liliigeuza biashara yenyewe: toka hapo mgahawa na maduka vilibaki nje ya lango, burudani zikawa ndani, na kila upande ukatakiwa kujilipia. Bustani iliyotoza kiingilio ilihitaji sababu mpya za kumrudisha mgeni. Mwaka 1973 wafanyakazi waliivisha Ghost Town mavazi ya kutisha kwa usiku chache za sikukuu ya Halloween, wakaachia mazimwi barabarani. Tiketi zilikwisha, na tamasha hilo sasa huchukua wiki kadhaa kila mwaka, likiwa limeigwa na bustani nyingine nyingi. Mwaka 1975 ikaja Corkscrew, reli ya kuporomoka iliyowageuza abiria kichwa chini miguu juu mara mbili, ya kwanza ya kisasa kufanya hivyo. Iliuzwa na kuhamishiwa bustani ya Silverwood, Idaho, mwaka 1990.

Cordelia alifariki mwaka 1974 na Walter mwaka 1981. Watoto wao walifungua Camp Snoopy mwaka 1983, sehemu ya watoto wadogo iliyotumia mbwa Snoopy na wenzake kutoka kwenye katuni za Charles Schulz. Wageni wa rika hilo walikuwa hawana tena habari za mikokoteni. Kisha urithi ukagawanyika kwa njia ambayo haikumpendeza kila mpenzi wa shamba: biashara ya jamu iliuzwa kwa ConAgra mwaka 1995, nayo baadaye ikaipeleka kwa Smucker, na bustani ikauzwa mwaka 1997 kwa Cedar Fair, kampuni ya Ohio. Mmiliki mpya aliwekeza kwenye reli ndefu, ikiwemo GhostRider ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1998. Mwaka 2024 Cedar Fair iliungana na Six Flags.

Mgahawa wa kuku bado uko nje ya lango, na hauhitaji tiketi ya bustani. Katika majira ya machipuko hufanyika tamasha la boisenberi, ambapo wapishi hulitia tunda hilo kwenye karibu kila kitu, pamoja na vyakula ambavyo pengine vingependeza zaidi bila hilo. Na tangu mwaka 2016, wakati wa kiangazi, Ghost Town huchezwa kama tamthilia isiyo na jukwaa: waigizaji hukaa mjini mchana kutwa kama sherifu, mhariri wa gazeti na majambazi, na mtoto anayefika hupewa barua ya kupeleka au siri ya kuchunguza.