Maji ya Meru na Deni la Utafiti: Hoja ya Ugani wa Maji katika Vyuo Vikuu

Miteremko ya Mlima Meru imejaliwa maji kuliko sehemu kubwa ya kaskazini mwa Tanzania. Chemchemi hububujika chini ya majabali, vijito hushuka kuelekea Mto Kikuletwa, na maji hayo ni maangavu, hayana harufu, na sabuni hutoa povu upesi. Ubaya wake hauonekani kwa macho. Vyanzo vingi vya huko vina floraidi iliyopita kiasi, na mtoto anayekunywa maji hayo tangu utotoni huota meno ya ukubwani yenye mabaka ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na miaka ikiwa mingi, madhara huingia mifupani: viungo hukakamaa, mgongo hupinda, na watoto hupata matege.

Vyuo vikuu vyetu vimelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba uchunguzi huo hautakamilika, hata kwa vigezo vya sayansi yenyewe, mpaka vyuo viwe na ugani wa maji wa kudumu. Ugani huo usichukuliwe kuwa hisani ya kuwapelekea wanakijiji matokeo baada ya kazi kwisha. Ni sehemu ya njia ya kupata maarifa, na pale ulipokosekana, maswali yenyewe yaliulizwa vibaya.

Upande wa kemia hauna utata mkubwa. Miamba ya volkano ya Meru na ya Bonde la Ufa ina madini yenye floraidi nyingi. Maji yanayopenya humo hubeba sodiamu na bikaboneti kwa wingi, ila kalisi huwa haba. Kalisi ingekuwa ya kutosha, ingeshikana na floraidi na kuifanya itulie chini kama mashapo. Kwa kuwa ni haba, floraidi hubaki imeyeyuka. Ndiyo maana maji laini, yale yanayopendwa na kila anayefua nguo, ndiyo yanayostahili kupimwa kwanza. Isitoshe, vyanzo viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, na kuchimba kisima kirefu zaidi si dhamana ya kupata maji bora. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kabla ya kushuka hadi 1.5. Ulegevu ule ulitokana na hali halisi: kufunga kila chanzo kilichozidi 1.5 kungewaacha watu wengi bila maji kabisa.

Tuingie sasa jikoni, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Kwa miaka mingi kampeni za kupambana na kipindupindu zimefundisha kuchemsha maji ya kunywa, na zimeokoa maisha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapopungua kwenye sufuria, floraidi hubaki ileile ndani ya maji machache zaidi. Mama aliyeshika vizuri somo la afya ana kila sababu ya kuamini kwamba maji yake sasa ni salama. Bwana afya alimweleza habari za vijidudu, mhandisi wa maji akaja kwa ajili ya pampu, afisa ugani akaja kwa ajili ya mahindi na ng'ombe. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake ni kumweleza kwamba usalama wa maji una pande mbili, na kwamba dawa ya upande mmoja haitibu mwingine.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Wachunguzi wa afya ya meno nchini walikuta watoto wenye madoa ya floraidi mahali ambapo maji yenyewe hayakuwa na kiwango cha kutisha. Jibu lilipatikana kwenye chungu cha maharage na makande. Magadi yanayotumiwa kulainisha vyakula hivyo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na mtoto huyala kila siku pamoja na mlo. Kipimo cha kisimani pekee kisingelifichua hilo kamwe. Ilibidi mtu aulize watu wanapika nini, wanapikaje, na magadi wanayatoa wapi. Kuuliza namna hiyo ndiko kunakoitwa ugani, hata kama aliyeuliza alijiita mtafiti tu.

Upande wa teknolojia hali ni hiyohiyo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi kubwa ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mbinu hii ni ya gharama nafuu na malighafi yake inapatikana machinjioni, lakini inadai umakini wa fundi. Mifupa isipoungua vya kutosha, maji hutoka na harufu na rangi. Ikiungua kupita kiasi ikawa myeupe, uwezo wake wa kunasa floraidi hupungua sana. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, mkoani Arusha, Askwar Hilonga alibuni chujio linalotumia nanoteknolojia, na mwaka 2015 likashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Nayaheshimu sana mafanikio haya. Hata hivyo, kila chujio la floraidi linalotegemea kunasa lina siku yake ya kushiba. Likishashiba, maji huendelea kutoka maangavu vilevile na ladha ni ileile. Mwenye nyumba hana namna ya kujua kwamba ameanza tena kunywa floraidi, isipokuwa mtu apite na kupima. Mtu huyo ni nani, analipwa na nani, na sampuli anazipeleka wapi? Maswali haya huitwa ya kiutawala na kusukumwa nje ya maabara. Kwangu mimi ndiyo kiini cha utafiti, kwa sababu chujio ambalo siku yake ya kushiba haijulikani nyumbani mwa mtumiaji ni chujio ambalo utendaji wake haujulikani.

Kielelezo kinachotajwa mara nyingi ni Marekani. Sheria ya Morrill ya 1862 iliyapa majimbo ardhi ya kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi, na Sheria ya Smith-Lever ya 1914 ikaanzisha ugani wa ushirika, ambao gharama zake hubebwa kwa pamoja na serikali kuu, jimbo na kaunti. Afisa ugani ni mtu wa chuo kikuu anayeishi kaunti, na swali la mkulima lina njia ya kufika maabara bila kusubiri mradi wa wafadhili. Hapo pana la kuiga. Lakini jimbo la Iowa linatupa tahadhari. Mbolea na mifereji ya chini ya mashamba vilivyoinua mavuno ya mahindi vimechangia pia kupeleka nitreti mitoni, na mwaka 2015 mamlaka ya maji ya mji wa Des Moines ilizishtaki wilaya za mifereji katika kaunti tatu za juu ya mto. Kesi ilitupwa mwaka 2017. Mkakati wa jimbo wa kupunguza virutubisho majini, ulioandaliwa mwaka 2013 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, unategemea zaidi hiari ya wakulima. Ugani uliojengwa kwa ajili ya mzalishaji hupata shida kumtumikia anayekunywa maji bondeni, ambaye hakuwahi kuhesabiwa kuwa mteja wake. Sisi tukianza leo, tuanze na mnywaji.

Nimesikia pingamizi kwamba kazi hii ina wenyewe: bodi za maji za mabonde na, tangu 2019, wakala wa serikali wa RUWASA kwa maji ya vijijini. Ni kweli, na sitaki chuo kikuu kigeuke mamlaka ya maji. Ila msambazaji hupata ugumu kuitangazia jamii kwamba chanzo anachokisimamia yeye mwenyewe hakifai, hasa akiwa hana kingine cha kuwapa. Chuo hakiuzi maji. Kinaweza kutoa kipimo bila kufungwa na ankara, na kinaweza kueleza mambo ambayo bajeti ya mradi wa bomba haiyagusi: kwamba maji ya kunywa na kupikia ya mtoto mdogo ni lita chache tu kwa siku, na kwamba miaka ya mwanzo, meno ya ukubwani yanapojijenga ndani ya taya, ndiyo ya kulindwa kuliko yote. Kaya isiyoweza kuchuja maji yote inaweza kuchuja hayo, au kukinga maji ya mvua kwa ajili hiyo.

Kikwazo kikubwa kiko kwetu wanataaluma. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, na makala iliyochapishwa ng'ambo kuhusu kisima cha Arumeru humletea alama hata kama kamati ya maji ya kijiji haijaambiwa kisima chake kina nini. Sampuli huchukuliwa, lita kwa lita, na wenye maji husahauliwa. Hili linarekebishika bila sheria mpya. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Inaweza kudai kwamba anayeomba kibali cha kupima maji aonyeshe kwanza taarifa ya Kiswahili aliyoikabidhi kwenye mkutano wa kijiji alikopima awali, yenye kiwango cha kila chanzo kwa jina lake la mtaani, na muhtasari wa mkutano uliogongwa muhuri wa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Vyuo navyo viihesabu taarifa hiyo katika kupandisha vyeo, na viajiri angalau afisa ugani mmoja wa maji kwa kila bonde vinakofanyia utafiti, kwa mkataba usiokatika mradi wa mfadhili unapokwisha.