Mada Kuu na Hatima ya Fasihi: Historia Fupi ya Wito wa Makongamano

Utangulizi

Wahakiki wetu wameandika mengi kuhusu yaliyosemwa katika makongamano, na machache mno kuhusu yaliyoamuliwa kabla makongamano hayo hayajafunguliwa. Makala zilizowasilishwa huhaririwa na kuchapishwa. Karatasi ya wito, ile inayotangaza mada kuu, mada ndogo, lugha ya uwasilishaji na tarehe ya mwisho ya kupokea ikisiri, hutupwa mara tu shughuli inapokwisha. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba karatasi hiyo inayotupwa imechangia kwa kiasi kikubwa kuamua ni fasihi gani ya Kiswahili ihakikiwe na ipi ikae kando. Tutadai pia kuwa wanafasihi wenyewe wamekuwa wepesi wa kuitika wito na wazito wa kuuandika.

Suala hili si la kinadharia tu kwa sisi tulioko Eldoret. Kwa mwanafunzi wa uzamili anayeandaa tasnifu juu ya ushairi, njia ya kwanza ya kazi yake kusikika nje ya idara ni ikisiri ya maneno mia mbili au mia tatu. Ikisiri hiyo sharti iwekwe chini ya mojawapo ya mada ndogo zilizoorodheshwa. Akikosa inayomfaa, ana mawili: anyamaze, au aipinde kazi yake. Wengi huipinda. Nayo kazi iliyopindwa kwa ajili ya kongamano aghalabu hubaki hivyo hivyo hadi tasnifu inapojalidiwa.

Mombasa, 1928

Mkutano wa Mombasa wa Juni 1928 unajulikana vyema. Uliwakutanisha wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na Carl Meinhof wa Hamburg alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya makoloni hayo ikaanza kazi. Malalamiko juu ya uamuzi huo hayajaisha hadi leo, hasa Mvita na Lamu, nasi hatuna haja ya kuyarudia.

La kuzingatia hapa ni jinsi swali lenyewe lilivyoundwa. Lilikuwa swali la tahajia, vitabu vya shule na urahisi wa utawala. Watetezi wa Kimvita walikuwa na ushairi wa vizazi vingi wa kutolea ushahidi, lakini swali liliugeuza ushairi huo kuwa kielelezo cha lahaja. Mkutano ulifanyika katika mji wa Muyaka bin Haji, na Muyaka hakuweza kuingia humo kama mshairi. Angeweza kuingia kama sampuli ya msamiati tu. Tunataja jambo hili mapema kwa sababu ndilo umbo la kwanza la mtindo ambao tutakutana nao tena: lugha kuwa mada kuu, fasihi kuwa mfano.

Makerere, 1962

Kongamano la waandishi lililofanyika Makerere, Kampala, Juni 1962, ni mfano wa wito uliogeuka kuwa hukumu. Jina lake rasmi liliwataja waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Walifika Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi, Grace Ogot na Rebeka Njau. Langston Hughes alitoka Marekani. Fedha zilipitia asasi ya Congress for Cultural Freedom, ambayo baadaye katika miaka hiyo hiyo ya sitini ilifichuka kuwa ikifadhiliwa na shirika la ujasusi la Marekani. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akijulikana kama James Ngugi, alikuwa mwanafunzi papo hapo. Katika Decolonising the Mind (1986) alieleza kwamba hadithi zake fupi mbili zilizochapishwa zilimtosha kualikwa, ilhali Shaaban Robert, mwenye diwani na vitabu vya nathari kadhaa, hakustahiki. Fagunwa, mwandishi wa Kiyoruba, naye hakustahiki. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962.

Kisa hiki kimerudiwa madarasani hata kimekuwa kama ngano, na kama zilivyo ngano nyingi, kimepoteza baadhi ya maelezo yake. Husemwa kuwa Shaaban Robert alisahauliwa. Sisi hatukubaliani na neno hilo. Anayesahauliwa ni yule aliyepaswa kukumbukwa, na wito ulikuwa umemtoa Shaaban Robert kabla ya jina la mtu yeyote kuandikwa kwenye orodha ya waalikwa. Maneno machache katika jina la kongamano yalifanya kazi ambayo kamati yoyote ingeona haya kuifanya kwa kura ya wazi. Fikiria kamati iliyoulizwa moja kwa moja: je, mwandishi wa Kusadikika ni mwandishi wa Kiafrika? Hakuna ambaye angethubutu kujibu hapana. Lakini hakuna aliyeulizwa.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Tangu 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya sitini, makao ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mrithi wa ile ya 1930, yalikuwa Makerere kwenyewe, kabla ya kuhamishiwa Mombasa na kisha Dar es Salaam. Shaaban Robert alikuwa mjumbe wa Kamati hiyo. Kwa hiyo Makerere ilimjua. Ilimjua kama mtu wa lugha, katika chumba cha kamusi na istilahi. Katika ukumbi wa fasihi hakuwa na kiti. Mgawanyo wa 1928 ulikuwa sasa umepata majengo.

Mwaka uliofuata, Septemba 1963, Obi Wali alichapisha katika Transition, jarida lililotolewa Kampala, makala yake mashuhuri akidai kuwa fasihi ya Kiafrika katika lugha za Ulaya inaelekea mahali pasipo na njia. Majibu yalikuwa makali. Hata hivyo mjadala wote uliendeshwa kwa Kiingereza, na hoja iliyohusu lugha zetu ikawa mali ya wale waliokuwa wamealikwa.

Nairobi, 1968

Iwapo Makerere inaonyesha jinsi wito unavyofunga mlango, Nairobi ya 1968 inaonyesha jinsi mlango unavyoweza kufunguliwa na watu watatu wenye karatasi. Tarehe 20 Septemba 1968, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza alipeleka mbele ya bodi ya kitivo mapendekezo kuhusu maendeleo ya idara yake. Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wangeweza kuyachangia mapendekezo hayo ndani ya mipaka yake: vitabu viwili vya Kiafrika viongezwe hapa, saa moja ipunguzwe pale. Hawakufanya hivyo. Tarehe 24 Oktoba waliandika waraka wao, wakaubadilisha msingi wenyewe wa mjadala, na swali likawa ni kwa nini Idara ya Kiingereza iwepo kabisa. Kwa lugha ya makongamano, walikataa kuleta ikisiri chini ya mada ya mwingine. Walileta kikao chao.

Waraka huo ulikipa Kiswahili nafasi, na idara ikawa idara ya fasihi. Lakini kitaaluma Kiswahili kilibaki upande wa isimu na lugha za Kiafrika. Vyuo vilivyofuata vilirithi mpango huo. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 kufuatia ripoti ya tume ya Mackay ya 1981, kina idara ya Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, na idara nyingine ya fasihi, tamthilia na filamu. Msomaji wa Kezilahabi na msomaji wa Achebe hupita katika ujia mmoja, kila mmoja akielekea kwenye bodi yake.

Chama cha Kitaifa na lugha ya maendeleo

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Walimu walihitajika kwa maelfu; idara zetu zikafurika. Mwishoni mwa miaka ya tisini Chama cha Kiswahili cha Taifa, CHAKITA, kikaundwa, na wasomi wa Kenya wakapata jukwaa lao la kukutania, lugha ya majadiliano ikiwa Kiswahili. Jambo hilo lisibezwe. Kwa mara ya kwanza katika historia tunayoifuatilia, wito wenyewe uliandikwa na Waswahili na wasomi wa Kiswahili, kwa Kiswahili.

Tazama basi kilichoandikwa. Maneno yaliyotawala enzi hiyo yalikuwa maendeleo, elimu, sera ya lugha na utandawazi. Mkusanyiko wa makala uliohaririwa na Naomi Shitemi na wenzake, na kuchapishwa hapa Eldoret na Moi University Press mwaka 2001, ulibeba jina Kiswahili: A Tool for Development. (Kwamba jina lenyewe lilikuwa la Kiingereza tunaliacha kwa wenye kupenda kejeli.) Uchaguzi wa maneno hayo ulikuwa na hekima yake. Kiswahili kilikuwa bado kinapigania kutambuliwa rasmi na serikali, na hakuna waziri ambaye angekuja kufungua kongamano juu ya vina na mizani. Lugha ya maendeleo ilikuwa mwavuli, nao wanafasihi walijikinga chini yake kama wengine.

Tatizo ni kwamba mvua ilipopungua mwavuli haukukunjwa. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wito wa makongamano ya sasa bado unahitaji Kiswahili kithibitishe manufaa yake: kwa amani, kwa ustawi, kwa zama za kidijitali, kwa mtangamano wa kikanda. Fasihi hutajwa, aghalabu karibu na mwisho wa orodha, katika umbo la "fasihi na" kitu kingine.

Matokeo yake katika uhakiki ni bayana. Kazi zenye hoja ya kijamii inayoweza kutajwa kwa neno moja hupata wahakiki wengi. Utenzi wa Mwana Kupona huingia kwa urahisi chini ya jinsia, na umekwisha kuchambuliwa hivyo hata mshairi mwenyewe amefichika. Al-Inkishafi ni kazi ngumu zaidi kuiwekea kichwa. Utenzi unaouonya moyo juu ya upuuzi wa dunia, ukitazama magofu ya Pate, utauingizaje katika maendeleo endelevu? Mtu anaweza, bila shaka, kuuwasilisha kama uchunguzi wa athari za anguko la biashara mwambaoni, na kamati itaupokea. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi zimekwepa hatima hiyo kwa ukaidi wao tu: hazina dhamira inayokubali kupachikwa jina la mada ndogo. Tunaamini kuwa sehemu ya sifa ya "ugumu" wa riwaya hizo imetokana na hilo. Zinahitaji kikao kizima, wasomaji wanne wakizizungumzia kwa saa mbili, na wito wetu unagawa dakika ishirini kwa mtu mmoja mmoja.

Kikao badala ya ikisiri

Desturi tofauti imewahi kuwepo hapa hapa Afrika Mashariki. TUKI ilipochapisha mwaka 1983 makala za Semina ya Kimataifa ya Waandishi wa Kiswahili, fasihi ilipewa juzuu yake. Wito wa semina hiyo ulianza na waandishi, na hadi leo juzuu hiyo hutajwa katika tasnifu za wanafunzi wasiokuwa wamezaliwa ilipotoka. Kwingineko, chama cha Modern Language Association cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1883, kimewazoeza wanachama kupendekeza vikao kamili: mtu hutafuta wenzake, huandika maelezo ya kikao, huambatisha ikisiri zote, na kamati hukubali au hukataa kifurushi kizima. Mada hutoka chini kwenda juu. Desturi hiyo ina kasoro zake, mojawapo ikiwa marafiki kualikana daima, lakini haimlazimishi mhakiki wa ushairi ajifanye mtaalamu wa sera.

Hatusemi kwamba vyama vyetu, CHAKITA, CHAKAMA au CHAUKIDU, vimekataa vikao vya namna hiyo. Tunasema kuwa sisi wanafasihi tumezoea kutuma ikisiri moja moja, kila mmoja na yake, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Sababu nyingine ni za kawaida kabisa: nauli na posho huombwa kwa barua ya kukubaliwa, na barua hiyo humtaja mtu mmoja, hesabu ya kupandishwa cheo nayo huhesabu makala, haihesabu mjadala. Haya hayatabadilishwa na makala moja katika jarida la idara.

Linalowezekana msimu huu ni dogo zaidi. Wanafunzi watatu wa uzamili wanaosoma Nagona na Mzingile, pamoja na mhadhiri mmoja wa kuongoza, waandike ikisiri tatu zinazojibizana na maelezo ya nusu ukurasa yasiyotaja maendeleo, kisha waziwasilishe kama kikao kimoja kwa kamati ya maandalizi ya kongamano lijalo. Kamati ikikataa, iombwe itoe sababu kwa maandishi. Barua hiyo, pamoja na karatasi za wito zilizosalia katika makabati yetu, iwekwe katika faili moja idarani, ili atakayeandika historia hii baada yetu asilazimike kuikisia kutokana na vichwa vya vitabu.