Mizani ya Shairi, Pigo la Nota: Mwendo wa Nyimbo Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hufundishwa mapema kuhesabu mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo. Mwanafunzi wa muziki naye hufundishwa kuhesabu mapigo. Ni rahisi kudhani kwamba hesabu hizo mbili ni moja. Historia ya uimbaji katika tambarare ya Kyela, ambamo imo kata ya Makwale, inaonyesha kwamba sivyo, na kwamba aliyelipa gharama ya dhana hiyo ni neno lenyewe.

Nota zilibuniwa kwa hatua. Karibu mwaka 1025 Guido wa Arezzo alipanga sauti juu ya mistari ili mwimbaji ajue ipi ni ya juu na ipi ni ya chini. Muda wa sauti haukuwa umepata suluhisho. Karibu mwaka 1280 Franco wa Cologne alifafanua utaratibu ambao umbo la nota lenyewe lilionyesha urefu wake. Baadaye, hasa kuanzia karne ya 17, mistari ya wima iligawa wimbo katika vipimo vilivyo sawa. Tarakimu za mwanzoni, kama 3/4 au 4/4, humweleza mwimbaji kuwa kila kipimo kina mapigo matatu au manne ya robo nota. Pigo la kwanza la kipimo ndilo lenye nguvu. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha hoja hii.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani wa Moravian na wa Misheni ya Berlin walifika kaskazini mwa ziwa. Kusini yao Waskoti wa Livingstonia walikuwa wameshaanza kazi tangu 1875. Wote walileta tenzi zilizotungwa Ulaya. Kutoka Uingereza ulikuja pia mfumo wa toniki solfa, ulioasisiwa na Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na John Curwen kuanzia miaka ya 1840. Katika mfumo huo mstari wa wima hutangulia pigo lenye nguvu, nukta mbili hutenga mapigo, na kistari huendeleza sauti iliyotangulia. Hauhitaji karatasi maalumu. Ubao na chaki hutosha. Ndiyo sababu ulienea sana katika kwaya za Afrika.

Wafasiri wa tenzi walikabili lugha yenye sifa za pekee. Kinyakyusa, tofauti na lugha nyingi za Kibantu kama vile Chichewa cha Malawi, hakina toni za kutofautisha maana za maneno. Kwa hiyo tuni ya kigeni haikuharibu maana kwa kupanda na kushuka kwake. Hatari ilikuwa kwingine. Kinyakyusa hutofautisha irabu fupi na ndefu, na mkazo wake, kama ule wa Kiswahili, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho.

Tazama sasa bahari ya tenzi za Kiingereza yenye mizani 8.6.8.6. Mwendo wake huanza na silabi dhaifu na kuishia kwenye silabi yenye nguvu. Mfasiri akitimiza silabi nane bila upungufu, silabi ya nane hupata pigo lenye nguvu, na ya saba, ambayo ndiyo yenye mkazo wa neno, huachwa dhaifu. Jina Makwale likiwekwa mwishoni mwa mshororo huo litasikika MA-kwa-LE, ilhali mwenyeji husema ma-KWA-le. Bahari ya 8.7.8.7 inayoanza kwa nguvu ina nafuu ya nusu tu: mishororo ya silabi nane huafiki lugha, ile ya saba huipinga. Mizani imetimia, lakini neno limepinda.

Kulikuwa na hasara nyingine. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kuhusu ngoma na uchezaji wa msibani. Mwendo huo ulibaki nje ya kitabu cha tenzi. Je, nota zingeweza kuubeba? A. M. Jones, katika kitabu chake cha 1959 kuhusu muziki wa Afrika, aliandikia kila sehemu mistari yake ya vipimo, kwa kuwa aliona mapigo yenye nguvu hayakutani. Kofi Agawu wa Ghana, katika kitabu chake cha 2003, alipinga mtazamo wa kuufanya mwendo wa Kiafrika kuwa kioja. Alisisitiza kuwa wachezaji wana pigo moja la pamoja, nalo huonekana miguuni mwao.

Hivyo si haki kuzilaumu nota. Mtunzi anayeanza na neno anaweza kuandika *ma* kabla ya mstari wa wima, *kwa* baada yake ikiendelezwa kwa kistari, na *le* kwenye pigo dhaifu. Alama ni zilezile za Curwen, ila sasa zinatii lugha. Mwanaisimu anayepima tafsiri ya utenzi kwa maana na idadi ya silabi pekee amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuuliza kila pigo lenye nguvu limeangukia silabi ipi.