Deni Lililobaki Khartoum

Tarehe 15 Aprili 2023, mwishoni mwa Ramadhani ya mwaka 1444 Hijria, vita vilizuka Khartoum baina ya jeshi la Sudan chini ya Abdel Fattah al-Burhan na kikosi cha RSF chini ya Mohamed Hamdan Dagalo. Mjini humo walikuwamo vijana wetu wa Kitanzania waliokwenda kutafuta elimu. Siku zile mzee mmoja wa hapa Tarime alinijia baada ya sala ya Alasiri, simu mkononi. Mwanawe alikuwa amemwandikia:

"Baba, shikamoo. Maji hakuna, umeme hakuna, risasi zinapita juu ya bweni. Nikifa, nadaiwa pauni 30,000 na mwenye duka jirani na chuo. Alitukopesha mkate na mchele. Mlipeni. Mama msimwambie."

Mzee akauliza: "Sheikh, haya ni wasia?"

Ndugu msomaji, suala hili si geni. Mwaka 36 Hijria, siku ya vita vya Ngamia, Waislamu wakipigana wao kwa wao, Zubeir bin Awwam (r.a.) alimwita mwanawe Abdallah akamweleza kuwa linalomshughulisha zaidi ni deni lake. Akauawa. Amepokea Bukhari kwamba deni lilifika 2,200,000. Abdallah alilipa, kisha kwa miaka minne akatangaza katika msimu wa Hija kwamba anayemdai Zubeir ajitokeze. Ndipo akawagawia warithi.

Nikamjibu: kwa Mashafii maandishi ni kinaya, huhitaji nia ya mwandishi, na mbele ya kadhi hutakiwa mashahidi. Lakini wewe uliyesadiki kuwa ni maneno ya mwanao, huna udhuru wa kuyapuuza. Deni hutangulia mirathi.

Alhamdulillahi, kijana alirudi pamoja na wanafunzi waliotolewa kupitia Ethiopia mwezi uleule. Aliyekosekana ni mdai: duka limefungwa, mwenyewe amekimbia. Hata baada ya jeshi kuurejesha mji mwezi Machi 2025, habari zake hazikupatikana.

Wanavyuoni wengi wamesema: mali ya asiyejulikana alipo huhifadhiwa, naye huulizwa. Matumaini yakikatika, hutolewa sadaka kwa niaba yake. Na akitokea akaidai, hulipwa. Fitna huvunja miji, haivunji haki ya mtu.

Kijana amezitenga fedha zile ndani ya bahasha, jina la mwenye duka juu yake, na angali akiwauliza wenzake wa Sudan.

Wallahu a'lam.