Mbwa yupi anafaa nyumba yenye watoto?

FAMILIA nyingi katika miji ya Afrika Mashariki humchukua mbwa kwa sababu moja kubwa, nayo ni kujilinda na wezi. Mbwa huyo hununuliwa akiwa mdogo, hujengewa banda nyuma ya nyumba, hufungiwa humo mchana kutwa na kufunguliwa usiku milango ikishafungwa. Hata hivyo, katika nyumba hiyohiyo wamo watoto wanaorudi kutoka shule alasiri, wakacheza uani na kulipitia banda hilo kila siku. Wao ndio walio karibu zaidi na mnyama huyo, na ndio ambao kwa kawaida hawafikiriwi wakati wa kumchagua.

Jambo hili si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Mbali na ugonjwa huo, jeraha lenyewe laweza kumwachia mtoto kovu la maisha. Kwa kuwa ni mfupi, meno humpata usoni, kichwani au shingoni. Na mara nyingi mbwa anayemwuma si wa mtaa wa mbali, bali ni wa nyumbani au wa jirani anayemfahamu.

Kwa sababu hiyo, mzazi anayetaka mbwa hana budi kujiuliza maswali kadhaa kabla ya kutoa fedha yake.

Kwanza kazi, kisha aina

Swali la kwanza ni mbwa anatakiwa kwa kazi gani. Mbwa wa kubweka mgeni anapofika getini si lazima awe mkubwa wala mkali. Sauti yake yatosha kuwaamsha wenye nyumba, na mwizi huiogopa kelele kabla ya kuyaogopa meno. Mbwa wa kushambulia ni habari nyingine. Huyo huhitaji mafunzo, uzio imara na mtu mzima mwenye uzoefu wa kumtawala. Kosa linalotendeka mara kwa mara ni kumtaka mnyama mmoja awe mkali kwa kila mgeni na wakati huohuo awe mpole kwa watoto wote, wakiwemo marafiki wa watoto hao, ambao kwake ni wageni.

Swali la pili ni nafasi na muda. Mbwa mwenye nguvu nyingi akifungiwa banda dogo kutwa nzima huchoka kwa upweke, huanza kubweka ovyo, kuchimba na kuguguna kila kitu, na akifunguliwa huwarukia watoto na kuwaangusha. Kama hakuna mtu wa kumtembeza asubuhi na jioni, ni afadhali kuchagua mbwa mdogo au mtulivu, au kuahirisha jambo lenyewe.

Swali la tatu ni hali ya hewa. Mbwa wenye manyoya mazito waliozoea baridi, kama vile Siberian Husky, hupata taabu kubwa katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Wale wenye pua fupi iliyobonyea, kama French Bulldog, hupumua kwa shida hata katika hali ya kawaida, na joto kali laweza kuwaua.

Aina zinazofahamika

Labrador ndiye anayetajwa kwanza panapozungumzwa mbwa wa familia. Asili yake ni Newfoundland, Kanada, alikosaidia wavuvi, kisha mbegu yake ikakuzwa Uingereza. Nchini Marekani aliongoza orodha ya mbwa wanaosajiliwa kwa wingi tangu mwaka 1991 hadi 2021. Ni mpole, hujifunza upesi na huvumilia kelele za watoto. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, ni mzito; mkubwa hufikia kilo 30 na zaidi, na akiwa kijana huweza kumwangusha mtoto wa miaka mitatu bila kukusudia. Pili, hupenda kula kupita kiasi. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walibaini mwaka 2016 kuwa takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro ya kijenetiki inayomfanya awe na njaa daima. Watoto wanaomrushia mabaki ya chakula kutwa nzima humnenepesha na kumfupishia maisha.

Golden Retriever, aliyekuzwa Uskoti katika karne ya 19, ana tabia inayokaribiana na ya Labrador. Manyoya yake marefu huhitaji kuchanwa kila mara, na katika maeneo ya joto yataka kivuli na maji ya kutosha. Wote wawili si walinzi wa kutegemewa, kwani huelekea kumkaribisha hata asiyealikwa.

Beagle ni mdogo, wa kilo 9 hadi 11 hivi, mchangamfu na mwenye kupenda kucheza na watoto. Alizalishwa kwa ajili ya kuwinda sungura kwa kufuata harufu. Hivyo akinusa kitu cha kumvutia hupita chini ya uzio na kutokomea. Sauti yake ni kubwa, jambo ambalo majirani wa nyumba zilizobanana hawatalifurahia.

German Shepherd, ambaye wengi humwita mbwa wa polisi, aliwekewa viwango vyake Ujerumani kuanzia mwaka 1899. Ni hodari, mwaminifu na mlinzi wa kweli, na akilelewa pamoja na watoto tangu udogoni huwa mwema kwao. Lakini ni mbwa wa kufanya kazi. Asipopewa mazoezi na mafunzo huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma. Mnunuzi aulize pia kuhusu nyonga za wazazi wake, kwa kuwa ulemavu wa viungo hivyo hurithiwa.

Rottweiler na Boerboel wa Afrika Kusini ni walinzi wazito, ambao baadhi yao hupita kilo 50. Wapo waliokua na watoto bila tatizo lolote. Hata hivyo, kosa moja la mbwa wa uzito huo si sawa na kosa la Beagle. Hawafai kuwa mbwa wa kwanza wa familia isiyowahi kufuga.

Kwa upande mwingine, udogo wa mbwa si dhamana ya usalama. Chihuahua, mwenye uzito usiofika kilo 3, huvunjika mguu kwa urahisi akidondoshwa na mtoto, na kwa hofu ya kuumizwa huwa mwepesi wa kung'ata.

Mbwa wa kienyeji asidharauliwe

Katika pilikapilika za kutafuta mbwa wa kizungu, wengi humsahau yule wa kienyeji, ambaye baadhi humwita mbwa koko. Mbwa huyu ana ukubwa wa wastani na manyoya mafupi, huvumilia joto, na kwa kuwa damu yake imechanganyika haandamwi sana na maradhi ya kurithi yanayozisumbua mbegu zilizozalishwa ndani ya ukoo mmoja. Huwabwekea wageni kwa bidii. Akichukuliwa akiwa mdogo kutoka kwa mama mwenye tabia njema na kulelewa karibu na watu, huwa mlinzi na rafiki wa watoto kwa gharama nafuu. Jijini Nairobi, Chama cha Kuwalinda na Kuwatunza Wanyama cha Kenya hutafutia makao mapya mbwa waliookolewa, wengi wao wa aina hii.

Afrika ya Kati nayo ina Basenji, mbwa mdogo wa asili ya Kongo ambaye habweki kama wengine. Ni msafi na mwerevu, lakini ana ukaidi, na kwa anayetaka mbwa wa kupiga kelele usiku si chaguo.

Aina si kila kitu

Pamoja na hayo yote, jina la aina halitoshi kumhakikishia mzazi chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Sehemu kubwa iliyobaki yatokana na mambo mengine, yakiwemo malezi na mazingira. Aina humweleza mnunuzi kwa uhakika zaidi habari za ukubwa, manyoya, nguvu na maradhi, kuliko habari za moyo wa mnyama aliye mbele yake.

Kipindi muhimu cha malezi ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha ya mbwa. Katika muda huo hujifunza ni vitu gani vya kawaida na vipi vya kuogopwa. Aliyeshikwa kwa upole na watu wazima na watoto, akasikia redio, pikipiki na kelele za jikoni, hukua akiwa mtulivu. Aliyefungiwa gizani hukua akimshuku kila mtu. Ile desturi ya kumficha mbwa asione watu ili awe mkali humtengeneza mnyama asiyeweza kumtofautisha mwizi na mtoto wa shangazi aliyekuja likizo.

Wakati wa kununua, mzazi aende mwenyewe mahali mbwa alipozaliwa na aombe kumwona mama. Mama akiwa mkali bila sababu au mwenye hofu nyingi, ni vyema kuondoka. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mamaye kabla ya wiki 8. Anayefaa ni yule anayemsogelea mtu kwa udadisi, si anayejificha pembeni wala anayewapiga wenzake wote. Wauzaji wa barabarani, wanaopitisha vitoto vya mbwa kwenye foleni za magari, hawawezi kuthibitisha umri wala chanjo.

Familia za mwambao

Katika miji ya mwambao na visiwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumfuga kwa ajili ya ulinzi, uwindaji au kuchunga mifugo kumeruhusiwa. Kwa familia hizo mbwa ni wa uani, wala si wa sebuleni. Lakini hata wa uani atakutana na watoto, hivyo naye ahitaji kuzoeshwa kwao na kutunzwa kwa huruma.

Chanjo na usafi

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida mbwa anapotimiza miezi mitatu, na hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, mara nyingi kila mwaka. Kabla ya hapo, kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, huanza chanjo za maradhi mengine kama vile parvo, yanayoua vitoto vya mbwa kwa wingi. Dawa ya minyoo ni ya lazima, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa hukaa mchangani, na watoto wanaochezea mchanga huyameza. Kupe nao waondolewe kila mara.

Endapo mtoto ataumwa au kukwaruzwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo ili daktari aamue kuhusu sindano za kinga. Pilipili, mafuta au majani yasipakwe. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni jambo lisilotarajiwa kabisa; kinga ikianza mapema huokoa maisha.

Kanuni za watoto

Wataalamu wanakubaliana kuwa mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule aliyezaliwa nyumbani humo. Watoto wafundishwe kutomgusa mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha, kutomvuta mkia wala masikio, kutomkumbatia shingoni, na kutoweka mkono ndani ya banda. Mbwa anayeganda ghafla, anayelamba midomo, anayegeuza uso au kunguruma anaomba aachwe. Asipigwe kwa kunguruma, maana akizoea kunyamaza ataruka hatua hiyo na kuuma moja kwa moja. Akimkabili mbwa asiyemjua, mtoto asimame wima kama mti, mikono ubavuni, asikimbie wala kumkodolea macho.

Mbwa huishi miaka 10 hadi 15, kutegemea aina na matunzo. Mtoto wa darasa la kwanza leo atakuwa amemaliza sekondari mbwa huyo akiwa mzee anayehitaji tiba na uangalizi. Mzazi asiyeweza kuahidi chakula, chanjo, matembezi na muda kwa kipindi chote hicho atawafaa zaidi wanawe kwa kusubiri, kuliko kuwaletea mnyama atakayeishia kwenye mnyororo.